Saua ya chenza nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniuliza kuhusu kinywaji hiki wameshajaribu mara moja. Waliondoa ndimu, wakaweka juisi ya chungwa, wakaishia na glasi ya juisi iliyoangukiwa na pombe. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanazunguka jambo lilelile: uchachu ni kazi ya ndimu, harufu iko kwenye ganda, na juisi ya chenza inakuja kukaa katikati ya hao wawili.

Saua ni kitu gani hasa?

Ni kundi la kokteli zenye vitu vitatu: pombe kali, kitu kichachu na kitu kitamu. Wiski saua ni wiski, limau na sukari. Daiquiri ya Cuba ni ramu, ndimu na sukari. Wa-Peru wana pisco saua, ya pisco (pombe kali ya zabibu), yenye povu la yai juu yake. Ukishaielewa moja umezielewa zote, maana kinachobadilika ni chupa na tunda tu.

Chimbuko lake lina uhusiano na mabaharia. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon wa Uingereza aliamuru ramu ya mabaharia wake ichanganywe na maji, na wenye uwezo wakaongeza sukari na ndimu ili inyweke. Miaka saba baadaye, 1747, daktari wa meli James Lind aliwapa wagonjwa wawili wa kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) machungwa na malimau, wakapona haraka kuliko wenzao waliopewa tiba nyingine. Jeshi la majini likachukua hadi 1795 kuanza kugawa juisi ya limau kwa mabaharia. Kwa hiyo pombe, uchachu na sukari vimekaa kikombe kimoja muda mrefu kabla mhudumu wa baa hajavaa tai.

Kwa nini nisibadilishe tu ndimu kwa chungwa?

Kwa sababu chungwa halina ukali wa kutosha. Juisi ya ndimu ina asidi karibu asilimia 6. Ya chungwa lililoiva ni karibu asilimia 1, mara nyingine chini ya hapo, na juu yake kuna sukari kama asilimia 10. Piga hesabu: kupata ukali wa mililita 20 za ndimu utahitaji kama mililita 120 za juisi ya chungwa. Ukifika huko wiski imeshazama na utamu umefurika.

Tatizo la pili ni harufu. Ukimenya chungwa chumba kizima kinajua, lakini harufu ile haitoki kwenye juisi. Inatoka kwenye vijifuko vya mafuta vilivyojaa kwenye ngozi ya ganda. Juisi yenyewe ni pole. Ukitupa ganda ukabaki na juisi umetupa sehemu kubwa ya chenza.

Basi ndimu ibaki kazini, tunda tamu liongezwe kidogo, na ganda lifanye kelele.

Nipe vipimo.

Kwa glasi moja: wiski mililita 50, juisi ya ndimu 20, juisi ya chenza 25, shira nyepesi 15. Ukipenda povu, ute wa yai moja. Kipande cha ganda la chenza kwa ajili ya juu.

Tia vyote isipokuwa ganda kwenye chupa yenye kifuniko, jaza barafu, tikisa kwa nguvu hesabu ya kumi na mbili hadi kumi na tano, chuja kwenye glasi iliyokaa friji. Minya ganda juu yake. Kwisha.

Hivyo ni vipimo vya kuanzia. Machenza hayafanani: ya mwanzo wa msimu yana ukali wake, ya mwisho ni sukari tupu. Onja juisi kabla ya kupima. Ikiwa tamu sana, punguza shira hadi 10.

Sina vipimo vya baa wala ile kopo ya kutikisia.

Fungua kabati la dawa. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto kina alama za mililita 5, 10 na 15, na kinapima vizuri kuliko vipimo vingi vya baa nilivyoviona. Bomba la sindano jipya la mililita 20 kutoka duka la dawa (bila sindano, tafadhali) ni bora zaidi. Kijiko cha chakula kinatajwa kuwa mililita 15, lakini vijiko vya nyumbani kila kimoja kina ukubwa wake, kwa hiyo kama huna jingine tumia kijiko kilekile kwa kila kitu ili uwiano usivunjike.

Kutikisia, chupa ya jemu yenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza inatosha kabisa. Epuka makopo ya siagi ya plastiki. Kifuniko chake hakishiki, na mimi nimewahi kuogesha ukuta wa jikoni mbele ya wageni. Kuchuja, tumia chujio la chai.

Chenza, chungwa, danzi au balungi?

Hapa ndipo penye raha, na sisi wa pwani tuna bahati kuliko wengi.

Chenza nimeliweka mbele kwa sababu ganda lake ni laini, limejaa mafuta, na harufu yake ni nzito, ina uasali fulani unaopatana na wiski. Chungwa la kawaida nalo linafaa, ila halisisimui sana. Usiogope chungwa la kijani. Machungwa ya Muheza huiva yakiwa bado na kijani kwa sababu ganda hugeuka rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa wa baridi, na Tanga hakuna baridi hiyo. Rangi haikwambii lolote kuhusu utamu. Lishike mkononi: zito kwa ukubwa wake, basi lina maji.

Balungi lina asidi karibu asilimia 2 na uchungu wake wa asili. Kwa balungi weka juisi yake mililita 30, ndimu 15, shira 20, na chembe chache za chumvi. Chumvi isionekane ulimini. Kazi yake ni kutuliza uchungu. Balungi napendelea kulipa jini badala ya wiski (jini la chupa, si lile la baharini).

Halafu kuna danzi. Vijana wa mjini wengi hawalijui tena: chungwa chungu na kali, ganda nene lenye mikunjo, mti ambao nyumba nyingi za zamani ulikuwa nyuma karibu na kisima, na watu walilikamulia samaki. Kwa saua sijapata tunda linalolishinda. Lina uchachu unaokaribia wa limau na harufu ya chungwa kwa wakati mmoja, yaani kazi ya ndimu na ya chenza inafanywa na mtu mmoja. Ukilipata: wiski 50, juisi ya danzi 35, shira 20. Onja, na kama bado halijakuamsha, ongeza ndimu kidogo. Ukimwona mama sokoni ana madanzi, nunua yote.

Ndimu na limau ni kitu kimoja?

Inategemea unaongea na nani. Tanzania ndimu ni lile tunda dogo la mviringo lenye ganda jembamba. Limau ni kubwa, lenye chuchu, ganda nene. Kenya watu wengi huita yote ndimu. Kwa asidi yanakaribiana, kwa hiyo badilisha upendavyo. Ndimu ina harufu kali zaidi na inaelekea kumfunika chenza. Limau ni mpole na linamwachia nafasi. Nikiwa na yote mawili natumia limau kwenye wiski na ndimu kwenye ramu.

Shira ya kaimati inafaa?

Ni nzito mno, na mara nyingi ina iliki au zafarani. Kwa saua changanya kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji ya moto, koroga hadi iyeyuke, basi. Haihitaji kuchemka. Itakaa friji kama wiki mbili.

Lakini kuna njia bora, na kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki. Menya machenza manne yaliyooshwa, uyakwangue maganda kwa ndani kuondoa weupe kadiri uwezavyo. Yatie kwenye kinu au bakuli na sukari gramu 100, yaponde kidogo, mara kumi au kumi na tano, kisha funika uache saa tatu. Sukari inavuta mafuta kutoka kwenye ganda, na ukirudi utakuta bakuli zima limelowa na linanukia kama gari lililobeba machungwa. Mimina maji ya moto mililita 100, koroga, chuja. Hiyo ndiyo shira yako. Saua iliyotengenezwa kwa shira hii na ile ya sukari tupu ni vinywaji viwili tofauti.

Asali nayo ni nzuri, hasa yenye rangi nzito kama ya Tabora. Ilegeze kwanza: vijiko viwili vya asali kwa kimoja cha maji ya uvuguvugu. Ukiitia mbichi kwenye barafu itaganda chini ya chupa na kukucheka.

Kile kipande cha ganda juu ya glasi ni pambo tu?

Si pambo. Kata ukanda wa urefu wa kidole kwa kisu kikali, chukua rangi ya nje tu. Weupe wa ndani ni mchungu. Ushike kwa vidole viwili, upande wa nje ukitazama kinywaji, ubinye. Ukisimama kwenye mwanga utaona kiwingu chembamba cha mafuta kikitua juu ya povu. Pitisha ganda kwenye mdomo wa glasi, kisha lidumbukize au lining'inize. Pua inafika kwenye glasi kabla ya ulimi, ndiyo sababu kazi ndogo hii inageuza kinywaji chote.

Matunda ya kutoka nje, ya Afrika Kusini au Misri, kwa kawaida hupakwa nta ili yang'ae. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na uyasugue kwa kitambaa kabla ya kutumia ganda.

Yai bichi? Kweli?

Ute wa yai hautoi ladha. Unatoa povu na ulaini, kiasi kwamba ukali wa ndimu unafika ulimini umevaa viatu laini. Utikise mara mbili: kwanza bila barafu sekunde 15, ili povu liinuke, kisha na barafu.

Hatari ipo, nayo ni salmonela. Ndimu na pombe haviiui kwa uhakika ndani ya dakika chache hizo, na yai la kienyeji si salama zaidi kwa kuwa ni la kienyeji. Mzee, mgonjwa na mwenye kinga dhaifu wasipewe.

Badala yake tumia maji yaliyochemshia dengu, mililita 25 hadi 30. Nasema dengu zile kubwa za rangi ya krimu, ambazo unga wake ndio wa bajia, si ndengu za kijani za Kenya. Zichemshe bila chumvi, yaache maji yapoe ndani ya sufuria hadi yawe mazito kama ute. Yanaumuka vizuri ajabu. Harufu ya dengu inapotea mara ganda la chenza linapominywa.

Au acha povu kabisa. Saua haivunjiki.

Barafu ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kutikisa kunapoza na pia kunatia maji, na yale maji ni kiungo halali: karibu robo ya kinachofika kwenye glasi ni barafu iliyoyeyuka. Bila hayo kinywaji kinachoma. Barafu ndogo iliyoanza kulowa inayeyuka haraka mno na utapata uji. Gandisha maji yaliyochemshwa kwenye vikombe au mfuko, vunja kwa mchi mapande makubwa, utumie yakiwa makavu moja kwa moja kutoka kwenye friza. Barafu ya samaki iache kwa samaki.

Nitumie pombe gani?

Wiski ya bei ya kati. Ile ya gharama kubwa inywe peke yake. Ndimu haina adabu na itaifunika. Burboni ya Marekani ina utamu wa pipa unaoshikana na chenza. Wiski yenye harufu ya moshi iache.

Konyagi inafanya kazi vizuri, hasa na balungi au danzi. Ina asilimia 35 ya kilevi, pungufu kidogo ya wiski ya 40, kwa hiyo weka 60 badala ya 50. Kwa kuwa haina ladha ya pipa, tumia shira ya maganda au asali ili kinywaji kipate mwili.

Gongo au chang'aa: hapana. Huwezi kujua kwa kunusa wala kwa kuonja kama ndani kuna methanoli, na methanoli inapofusha na kuua. Hakuna ganda la chenza litakalosaidia hapo.

Si ndiyo dawa ya Nairobi hiyo?

Ni ndugu. Dawa ni vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichozungushiwa asali ambacho unaponda nacho ndimu mwenyewe kadiri unavyotaka. Ilijipatia jina Nairobi, hasa kwenye mgahawa wa Carnivore. Tofauti ni kwamba dawa inapondwa ndani ya glasi na ndimu inabaki humo na ganda lake. Saua inatikiswa na kuchujwa. Ukiweka vipande viwili vya chenza kwenye dawa utapata kitu kizuri sana, na huhitaji chupa ya kutikisia. Usiichanganye na dawa nyingine ya mahotelini, ile ya moto ya tangawizi, ndimu na asali, isiyo na kilevi. Agiza kwa kueleza.

Yangu imekuwa chungu.

Ama uliacha weupe kwenye maganda, ama ulikamua ndimu hadi tone la mwisho ukasaga na ganda. Kamua kwa upole, na juisi itumike siku hiyohiyo. Iliyolala friji inapoteza uchangamfu. Kuiokoa glasi iliyoko mkononi, tia chembe mbili tatu za chumvi.

Imekuwa tamu kama soda.

Ongeza ndimu mililita 5, tikisa tena kidogo. Mara ijayo onja chenza kwanza.

Naweza kuwatengenezea wageni kumi?

Ndiyo, na usitikise moja moja, utakosa sherehe yako mwenyewe. Changanya wiski mililita 500, ndimu 200, chenza 250, shira 150, na maji safi 300 yanayochukua nafasi ya barafu ingeyeyuka. Weka friji saa mbili hadi baridi kabisa, mimina juu ya pande la barafu, minya ganda kwenye kila glasi. Ndimu za kwetu ni ndogo, nunua ishirini. Machenza sita au saba. Povu la yai halikubali mpango huu, lisahau.

Ina nguvu kiasi gani?

Glasi moja ina kilevi sawa na mililita 400 za bia ya asilimia 5, yaani pungufu kidogo ya chupa ya nusu lita. Tatizo ni kwamba bia huwezi kuinywa kwa dakika tano, hii unaweza. Mwenye kuendesha gari asiguse, mjamzito pia, na aliye chini ya miaka 18 hahusiki.

Na asiyekunywa pombe?

Usimpe juisi ukamwambia ni yake. Chemsha chai ya rangi nzito, iache ipoe, kisha: chai mililita 50, ndimu 20, chenza 40, shira ya maganda 20, tikisa na barafu vilevile. Ule ukakasi wa majani ya chai unakaa pale ambapo wiski ingekaa. Karafuu moja, moja tu, ikichemka na chai inatosha. Shangazi yangu, ambaye pombe haijawahi kuvuka kizingiti chake, huomba ya pili.

Nakunywa dawa za presha. Kuna shida?

Acha pombe pembeni kwanza, ongea na mfamasia. Ila kuna jambo wengi hawalijui: balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa mwilini, hivyo dawa inabaki nyingi kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia. Zimo baadhi za presha kama nifedipini, na baadhi za kolesteroli kama simvastatini. Danzi na furungu nayo yana tabia hiyo.

Mikono iliniwaka siku ya pili baada ya kukamua ndimu ufukweni.

Ni juisi na jua. Kemikali za kwenye ndimu zikipigwa na jua kali juu ya ngozi zinaunguza, na zinaweza kuacha malengelenge na alama nyeusi za wiki kadhaa. Kamua ndani au kivulini, nawa kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kutoka.

Maganda yaliyobaki?

Yale ya shira bado yana sukari na harufu. Yaanike juani siku moja, yakauke, uyatafune na kahawa chungu. Yasiyotumika yagandishe, msimu mkubwa wa Muheza ni katikati ya mwaka, na ganda lililokaa friza hadi Desemba bado linatosha kutengeneza shira.